Joto Nililowanyima Mbwa

Ejok, nawasalimu akina mama. Wa kule nyuma sijawasikia. Ejok! Haya, sasa nimepata nguvu. Nimesimama mbele yenu mzima, na kama si mkono wa Mungu na jiwe moja, mngekuwa mmeshanizika hapa Lodwar.

Kazi yangu mnaijua: kabichi na viazi kutoka milimani kule Kapenguria, nauza hapa na Kakuma. Kule juu tunalala ndani ya magari, tukingoja wakulima asubuhi. Ndugu zangu, nawaambia, sisi huku baridi hatuijui. Nilikuwa najikunja kwenye van yangu kuukuu na leso zangu zote, meno yanagongana.

Sasa kuna mwenzangu mmoja, simtaji. Yeye alifunga hita ya dizeli garini. Ikishanguruma, anakaa na gauni jepesi kama yuko kwake! Asubuhi anaamka amependeza, wakulima wanamkimbilia. Mimi natoka na makamasi, nabaki na kabichi za mwisho. Aliniita, "Dada, njoo ulale huku, nafasi iko." Nikamwambia sisikii baridi, na huku natetemeka. Roho iliniuma, siwafichi. Hata kicheko chake nilikichukia.

Nikanunua yangu. Fundi akatoboa sakafu, akapitisha bomba la moshi likatokea chini ya gari, akasema likae hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeona mbwa wa soko wakilala chini ya gari la yule mwenzangu, wanaota moto wa bomba lake. Nikasema, mimi dizeli yangu nipashie mbwa? Fundi alipoondoka nikalivuta bomba ndani, nikaziba tundu kwa gunia. Nilitaka joto la kumshinda.

Usinicheke wewe, mtoto wa Lodwar, ungefanya hivyo hivyo.

Jioni mvua ikanyesha. Nikafunga vioo, nikawasha. Harufu niliisikia, nikasema ni upya wa hita. Joto likaja, tamu! Kisha kichwa kikaanza kugonga. Nikataka kufungua mlango, mkono ukakataa. Nikawaza watoto wangu, nikajua nawaacha.

Mara kioo kikapasuka. Jiwe likaanguka miguuni, baridi yote ya mlima ikaingia. Alikuwa yeye, gauni limelowa chapa, ananivuta nje, anapiga kelele, "Hita inanguruma na moshi sioni! Unatokea wapi, mama?"

Nilipopata fahamu nikamuuliza alifuata nini kwangu na mvua ile. Akasema, "Nilisikia yako ni kubwa kuliko yangu. Nilikuja kuchungulia."

Kumbe na yeye!

Namshukuru Mungu, nawashukuru madereva walionikimbiza hospitali, na namshukuru huyo anayeficha uso kwa leso pale. Akina mama, bomba likae nje. Na mwenzako akikuita kwenye joto lake, nenda, hata kama roho inauma.

Siku hizi nalala kwake. Ile leso yake mpya naionea wivu, namwambia waziwazi, anacheka kile kicheko. Na mbwa wako chini, wanapata joto lao.