Aliyekuwa Juu ya Dungu

Saa mbili asubuhi benchi la Agnella pale Lumemo lilikuwa na watu watatu, na aliyebanwa katikati ni Evaristo, kavaa shati lake la kanisani. Saa nne alitakiwa mahakamani. Nkwabi, Msukuma mfuga ng'ombe, aliuawa kwa panga pembeni mwa mashamba ya mpunga, na Evaristo siku hiyo alikuwa juu ya dungu, kile kijukwaa cha nguzo cha kulindia mpunga, akifukuza ndege. Aliona yote. Mshtakiwa ni Octavian, mdogo wake Agnella, na Agnella ndiye huyo huyo anayemimina kahawa. Evaristo aliahidiwa kwamba jina lake litafichwa. Kweli halikuandikwa, iliandikwa tu kwenye karatasi za kesi kuwa shahidi wa tatu "aliona akiwa juu ya dungu", na upande ule wa mashamba dungu ni moja. Sasa hapo kimefichwa nini?

— Kunywa, Eva, nimekuongezea, Agnella alisema.

— Asante, dada.

Zakayo alikohoa. Wanamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, na hajapona mpaka leo.

— Kisheria, shahidi wa juu ya mti hahesabiki. Ukiwa juu, watu wote wanafanana.

— Dungu si mti, Wakili, Evaristo alisema.

— Mbele ya jaji ni mti.

Osward, maarufu kama Redio, naye hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi nimesikia ng'ombe ndio walimkanyaga.

— Ng'ombe wanashika panga? Evaristo akauliza.

— Ng'ombe wa Kisukuma hao, kaka. Usiwachukulie poa.

Wakacheka. Evaristo naye akacheka, kisha akajichukia.

— Na kwanza hajafa, Redio akaendelea. Kaonekana Mlimba anapanda treni! Hawa jamaa wanazika mgomba, wanalia wee, halafu wanafungua kesi ili bonde libaki lao.

— Redio, nilimfunika mimi mwenyewe kwa koti langu.

Agnella akaweka birika chini.

— Fausta mkeo anaendeleaje na mtoto?

— Wazima.

— Mungu amkuze. Na lile dungu, umeshabadilisha nguzo?

Juzi Evaristo alikuta nguzo mbili zimekatwa kwa msumeno, nusu tu, zikaachwa zimesimama zikimsubiri apande. Hakumwambia mtu yeyote, hata Fausta.

— Nani kakwambia habari za nguzo?

— Watu wanaongea, Eva.

— Sikiliza, bwana mdogo, Wakili akasema, na safari hii hakutaja sheria. Hao watahama na ng'ombe zao. Wewe utabaki na sisi. Siku ukifa, nani atakuzika?

Hapo hakuna aliyecheka. Evaristo aliogopa, na tusimsimange, maana maneno hayo huku kwetu hayatolewi kwa utani.

Mama mmoja akasimama mbele yao, viatu vimejaa vumbi la njia ya kutoka kijiji cha Mbingu.

— Mwangaluka, alisalimia kwa Kisukuma, kisha akajirekebisha. Habari za asubuhi, wanangu.

— Shikamoo, mama, Evaristo akaitikia peke yake.

— Marahaba, baba. Mimi ni mama yake Nkwabi. Namtafuta Evaristo. Nimeambiwa alikuwa karibu siku ile. Nina swali moja tu: mwanangu alisema nini mwishoni?

Wakili alitazama vidole vyake. Redio, mwenye habari za dunia nzima, hakuwa na habari hiyo. Agnella alimkazia Evaristo macho.

Evaristo alijua. Nkwabi alimletea maziwa kila Jumamosi, walikuwa wamezoeana. Siku ile aliinua uso kuelekea dunguni akamwita kwa jina, mara tatu. Evaristo hakushuka mpaka Octavian alipoondoka.

— Evaristo hayupo, mama, Evaristo akasema. Kasafiri.

— Atarudi lini?

Evaristo akainua kikombe, akanywa.

— Basi nitamsubiri hapa, baba, twende wote mahakamani.

Akaketi chini, kando ya miguu ya Evaristo. Kahawa ikaisha, Agnella akaosha vikombe. Saa nne ikafika, ikapita, na Evaristo hakuinuka.