Pori la Jonasi

Kwenye benchi la Mbaruku muuza kahawa, njia panda ya kwenda Mtua, hawakosekani watu wanaojua kila kitu. Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka 2006, Jonasi alifika amenuna, akakaa bila hata salamu. Alikuwa ametoka shambani, shamba alilorithi kwa baba yake, akakuta miti ya mpakani imepakwa rangi nyekundu. Miaka yote ile amelipumzisha lipate nguvu, mwaka huu alipande ufuta, leo ni hifadhi ya kijiji! Marufuku jembe.

— Wamekuweza, alisema Anuari, ambaye kwa kudaka habari wanamwita Redio. — Wazungu siku hizi wananunua hewa. Ya miti yako itajazwa kwenye mitungi, ipande ndege.

— Hewa gani, wewe! alidakia Saturnini, aitwaye Hakimu kwa kupenda kuamua kesi za watu. — Hapo wanaletwa tembo wa Kilimarondo. Wamechoka kukaa mbali na barabara.

— Tembo geresha tu, Hakimu. Chini pana madini. Ile rangi ni ya kumwonyesha rubani.

Jonasi alikuwa hatulii. Anainuka, anakaa, kahawa inammwagikia gotini wala hasikii.

— Jamani, mie nataka shamba langu!

— Tulia, alisema Hakimu. — Siku ya mkutano wa kupanga ardhi, bwana misitu alikuulizaje?

— Aliuliza kwangu pana nini. Nikamwambia, pori.

Lo! Huku kwetu shamba lililopumzika ndilo pori, na kila pori lina mwenyewe, hata mtoto anajua. Lakini yule bwana katoka mbali, na kwao pori ni la nyani na nguruwe.

— Si ungesema shamba, bwana!

— Shamba halijalimwa, Redio! Niseme uongo mbele ya mkutano?

— Basi tupake nyekundu miti yote ya wilaya, wachanganyikiwe wenyewe!

Wakacheka, isipokuwa Jonasi. Hapo akatokea Dionisia, mkewe, panga mkononi, jasho linamtoka.

— Baba Dorotea, wenzetu wanamaliza kufyeka, mvua hiyo inakuja. Mie nikafyeke wapi?

Redio akainamia kikombe. Hakimu akaomba kahawa nyingine, na kikombe cha kwanza hajakimaliza. Dionisia akabaki amesimama, anamtazama mumewe, na Jonasi, maskini, hakuwa na upande wa kumwonyesha.