Historia ya Dada Yetu, Fundi wa Lifti Aliyekuwa Rubani

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na nimekabidhiwa karatasi hii kwa sharti kwamba nisichekeshe, sharti ambalo marehemu mwenyewe asingelikubali.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Juu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa seremala na mshona nguo, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, na mama alisema kilio chake kilizima kelele za msumeno. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari hadi 1985, kisha chuo cha ufundi, akiwa msichana peke yake katika darasa la umeme, na Januari 1989 akaajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya miaka ishirini, grisi mpaka viwikoni.

Tarehe 6 Mei 1991 lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani akiwamo mfamasia mmoja mwenye haya, ambaye dada alimtuliza kwa kuzungumza naye kupitia upenyo wa mlango kwa saa mbili, na mafundi wenzake mliopo hapa mnajua kwamba kazi ile ilikuwa ya dakika ishirini. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa binti mwaka 1994 na mvulana mwaka 1998.

Juni 2009, akiwa na miaka arobaini na mmoja, alikuwa juu ya jengo la ghorofa kumi na mbili akibadilisha nyaya, ndege ikapita, naye akashuka, akaenda nyumbani, akamwambia mumewe kwamba lifti zote alizowahi kutengeneza zina mwisho. Sisi ndugu tulicheka mpaka tukashika mbavu, tukasema mtu wa umri ule hatafuti mabawa, anatafuta miwani, lakini shemeji hakucheka, aliuza gari lake, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Kwa miaka miwili meza yao ilikuwa na wanafunzi watatu, na binti ndiye aliyemsahihishia mazoezi ya hali ya hewa, akimkaripia kwamba, mama, mawingu haya jana uliyapata. Alipata leseni tarehe 19 Agosti 2011, akarusha ndege ndogo za mizigo, na tarehe 3 Februari 2014 akawa rubani msaidizi wa ndege ya abiria, mistari mitatu begani.

Mtihani wa kuwa kapteni ulipangwa Septemba 2021. Jumapili ya tarehe 13 Juni, tukiosha vyombo jikoni kwake, sahani ilimponyoka, akaniambia jicho la kulia limezima kwa sekunde tatu, na kwamba hiyo ni mara ya pili. Naungama mbele yenu kwamba nilimshauri anyamaze mpaka mtihani upite, kwani nani angejua. Akafuta mikono, akasema, "Mdogo wangu, nyuma yangu wanakaa watu mia na arobaini, na kila mmoja ana mdogo wake." Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa daktari wa marubani, akajieleza, akarudi bila leseni, nami nikamnunia wiki mbili, utadhani iliyochukuliwa ni yangu.

Alikutwa na uvimbe kichwani, akapasuliwa tarehe 2 Julai, na madaktari wakatuambia kwamba angenyamaza, Septemba asingefika. Kwa kujisema alijipatia miaka mitatu, akafundisha marubani wapya darasani, akamwoza binti yake, akampakata mjukuu, akanifunga karata bila huruma, hadi uvimbe uliporudi, na Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti mpaka vya sebuleni kwenu, mafundi wa lifti mliokuja na ovaroli, na marubani wenzake, ambao jana mlileta beji za kapteni, mistari minne, mkitaka avikwe. Shemeji amewashukuru kwa machozi, akawarudishia, akamvika zile za mistari mitatu, kwa sababu mkewe hakuwahi kuvaa kitu asichokifanyia mtihani, na ule wa nne aliuacha mwenyewe, akijua anachokiacha.

Na kama yupo hapa aliyewahi kusafiri naye, akafika, akachukua mzigo wake, akaenda zake bila kujua nani alikuwa mbele, basi huyo ndiye ambaye dada alimfikiria siku ile jikoni. Wewe ulifika salama, na sasa mwache naye afike. Pumzika, dada, pumzika kwa amani.