Kilian Ndunguru na Mashine ya Tano

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya kijiji, ndugu zetu mliopanda kutoka ziwani na ninyi mliotoka vilima vya jirani, wazee wangu shikamooni, wengine wote tumsifu Yesu Kristo.

Naanza kwa kuomba radhi. Mimi ni Meinrad Ndunguru, kaka wa marehemu, na ndiye niliyepewa na familia kazi ya kuandika historia hii, na jana mchana, kikao cha familia kilipotaka kuisikia kwanza, nilisimama mbele ya Baba Paroko na karatasi iliyotoka kuchapwa stesheneri ya mjini Mbinga, nikakohoa kama mtu mwenye cheo, nikasoma kwa sauti ya ibada kwamba kabla ya yote hakikisha mashine yako ina kompaila, na kama haina usiendelee, maana utajisumbua bure. Mjomba Ildefonsi akaitikia amina. Nilifika mstari wa nne ndipo shemeji yangu Celestina aliponishika mkono na kunionyesha kwamba dada wa stesheneri alichapa faili jingine lililokuwamo kwenye flashi ileile, nalo ni maelekezo ambayo marehemu aliwaandikia watakaoshika kazi yake baada yake, na Baba Paroko, kwa huruma yake, akasema alidhani ni mfano kama ile ya Injili. Hii ya leo nimeikagua mara tatu.

Marehemu Kilian Joakim Ndunguru alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, hapa hapa Maguu, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Joakim Ndunguru na mama yetu Albina, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Alikuwa mtoto wa maswali, kwani siku ya kwanza alipopelekwa kuchimba ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia, kule mteremkoni, alimuuliza baba kwa nini shimo la huku liwe na kina kuliko la kule, baba akamwambia aulize udongo, naye akaketi kwenye tuta hadi saa sita akisubiri jibu, huku sisi wakubwa zake tukichimba mashimo yake.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1992, akamaliza la saba mwaka 1998, akachaguliwa kwenda shule ya bweni Songea alikomaliza kidato cha nne mwaka 2002 na cha sita mwaka 2005, kisha akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea kompyuta, akahitimu tarehe 22 Novemba 2008. Mimi sikuwepo katika mahafali yoyote kati ya hayo, nilikuwa mpishi melini, nimepika maharage katika bandari kumi na saba, na kila mahali nilijitambulisha kwamba nina mdogo wangu anayesoma kompyuta, nikidhani anajifunza kuchapa barua haraka.

Tarehe 1 Februari 2010 aliajiriwa kuwa fundi wa kompyuta katika chama cha ushirika wa kahawa wilayani kwetu, na huko ndiko alikoanza, mwaka 2016, kazi tunayomkumbuka nayo. Mnajua kahawa ikiingia ghalani na unyevu huota ukungu, daraja linashuka, na mkulima anarudi nyumbani bila la kumwambia mkewe, kwa hiyo Kilian alitengeneza kijisanduku cha kupima uzito na unyevu wa kahawa pale kichanjani, na ndani yake akaandika, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C, mkusanyiko wa hesabu ambao wenye fani yao huuita maktaba, yaani hesabu zilizoandikwa mara moja ili kila programu inayozihitaji ije ichukue, badala ya kila mtu kuanza upya.

Kuziandika hesabu, alikuwa akiniambia, ilikuwa kazi ya miezi mitatu, na iliyobaki, miaka tisa, ilikuwa kuzifanya zikubalike kwenye kila mashine. Mimi nilielewa kwa njia ya jikoni tu. Pishi ni moja, lakini jiko hili ni la kuni, lile ni la gesi, na kompaila, ambayo ndiyo programu inayogeuza alichoandika mtu kuwa maneno ya mashine, kila moja ina tabia zake kama wapishi, huyu anapokea ulichompa, yule anakirudisha mlangoni. Kwa mfano, kwenye kadi za mwanzo, zile kompyuta ndogo za ndani ya vijisanduku, namba ya kawaida haikuweza kupita elfu thelathini na mbili na kitu, kwa hiyo gunia la mzee Vitalis lilipozidi gramu hizo, kijisanduku kikasoma kwamba lina uzito ulio chini ya sifuri, na mzee Vitalis, ambaye yupo hapa na ni shahidi wangu, akauliza kwa upole aongeze kahawa kiasi gani ili gunia lake lifike kuwa tupu.

Baada ya aibu hiyo Kilian aliandika mafaili ya kuandaa ujenzi wa maktaba yake, ambayo kabla ya kujenga chochote huiuliza mashine kwanza, wewe ni nani, kompaila yako ni ipi, namba yako ina upana gani, una hiki, huna kile, na kwa kadiri ya majibu yanachagua njia. Kompyuta za zamani za ofisini zilikuwa na njia yao, mpya zina yao, simu za mabwana shamba zina yao, kadi za vijisanduku vya kahawa zina yao. Hizo ni nne. Ya tano nitaifikia.

Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Celestina, mwalimu, binti wa Liuli, ambaye baba yake alihoji kwa saa nzima huyu Mmatengo anayepima unyevu ataishije na watu wa ziwa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Hilda aliyezaliwa mwaka 2013, Elias mwaka 2017, na Gertruda mwaka 2021. Kwa ajili ya wakwe zake ndipo alipoanza kufikiria usipa, wale dagaa wa ziwani, kwani akina mama wanaouanika, ambao ukavu wake huupima kwa kuung'ata, wana shida ileile ya kahawa, usipa ukifungwa na unyevu unaozea njiani kabla haujafika Songea, na mama Benadetha, mwenyekiti wa kikundi cha waanikaji wa Lituhi, ambaye ameketi upande wa kushoto na wenzake kumi na wawili, alimwambia anataka kijisanduku kama cha watu wa milimani, si kesho, msimu huu. Kadi ya zamani haivumilii unyevu wa ziwani, ikapatikana nyingine, yenye kompaila yake yenyewe kutoka kiwandani, na hiyo ndiyo mashine ya tano.

Januari mwaka huu alianza kulalamika kwamba herufi zinaogelea. Tarehe 19 Mei, Dar es Salaam, madaktari walituambia ni uvimbe ndani ya ubongo, na kwamba mahali ulipo kisu hakifiki, na kufikia mwisho wa Agosti hakuwa anaona kabisa. Alirudi hapa Maguu, akaomba kitu kimoja, kwamba kabla kichwa hakijaondoka kama macho yalivyoondoka, mafaili yale yaandikwe upya kwa usafi, yajenge kwa mashine zote tano, ili mtu mwingine aweze kuendelea. Celestina alikuwa darasani mchana, aliyekuwa hana kazi ni mimi, kwa hiyo yeye alilala kwenye mkeka barazani akitamka, mimi nikachapa kwenye laptopu yake.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hili familia nyingine ingeliruka. Tulianza Jumatatu tarehe 8 Septemba. Tukamaliza faili la kwanza, akaniambia niamuru ijenge, nikaamuru, ikakataa. Akauliza inasema nini. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, na mimi, niliyewasimulia wote hapa kijijini jinsi nilivyoongea na makapteni, Kiingereza changu ni cha vitunguu na cha kutukanwa, nikaona aibu kuusoma mbele ya mgonjwa ambaye angenisahihisha, nikamjibu inasema imekataa. Akanitamkisha upya mstari kwa mstari, nikasoma kila herufi, zote zilikuwa sahihi. Siku ya pili ikakataa, ya tatu ikakataa, akawa anajilaumu kwamba amesahau kazi yake mwenyewe, nami nikamwacha ajilaumu. Siku tisa. Anayejua haoni, anayeona hajui, na tumekaa mkeka mmoja.

Jioni ya tarehe 16 Celestina alitoka shuleni, akainama akausoma ule mstari neno kwa neno, unaosema kwamba kitenganishi hakipo, na Kilian hakungoja amalize. Alisema, "Kaka, umeweka nafasi nane, panatakiwa kitufe cha Tab." Kwenye kioo vitu hivyo viwili vinafanana kabisa, ni uwazi tu, hata mwenye macho hatofautishi, lakini mafaili yale hayakubali kingine. Tulirekebisha kwa dakika mbili. Alicheka, mnajua kicheko chake, kisha akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, na nadhani alikuwa anahesabu siku.

Zilizobaki tulizitumia vizuri, mashine nne zilijengwa moja baada ya nyingine, na mimi sasa nilisoma kila neno bila aibu, hata koma. Ijumaa tarehe 26 Septemba tukafika ya tano. Kompaila ile ikarudisha ujumbe mrefu, nikausoma herufi kwa herufi, akaniomba niurudie, nikaurudia, akaniomba tena, na tena, mara kumi na moja, kila mara akianza kuinua kidole kama mtu aliyepata, kisha kidole kinashuka. Mara ya kumi na mbili hakuomba. Alisema, "Hii nilikuwa naijua."

Hatukuifungua tena laptopu. Nilimpigia simu rafiki yake wa chuo, Glorious, aliyepo Arusha, akajitahidi kwa wiki mbili akiwa mbali, akaniambia kwa unyoofu kwamba kila njia imeandikwa vizuri ila hiyo moja Kilian alikuwa bado anaitafuta, na alichokuwa anakitafuta hakukiandika popote. Nilimwuliza daktari kama siku tisa zile zingebadili kitu katika kichwa chake. Daktari alinishika bega tu.

Kuanzia Oktoba alikuwa mtu wa kitandani, akila kwa mkono wa mama kama alivyokuwa mdogo, na tarehe 21 Novemba 2025, siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, alifariki dunia hapa nyumbani, Celestina na mama wakiwa pembeni yake, mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji, kwa sababu ndivyo nilivyo. Ameacha mke, watoto watatu, mama, sisi ndugu watatu, na vijisanduku arobaini na kimoja ambavyo asubuhi hii vinapima kahawa ya watu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na hapa kwetu, waliotuambia ukweli hata pale tulipowaomba kingine, tunamshukuru Baba Paroko kwa kumpaka mafuta na kwa kutochoka kupanda kilima hiki, majirani wa Maguu mlioleta kuni, maji na unga kabla hatujasema, wafanyakazi wenzake wa ushirika mlioleta jeneza na usafiri, walimu wa shule ya Celestina mlioshika vipindi vyake, na akina mama wa Lituhi mliosafiri tangu alfajiri mkiwa mmesimama ndani ya lori la usipa.

Kilian, mdogo wangu, pumzika, pumzika kweli, hakuna anayekusubiri. Nasema hivyo kwa sababu jana akina mama hawa walipotuma ujumbe kwamba wanakuja, nilimpigia mama Benadetha, nikamwambia kwa kifua kipana kwamba kazi yako haitapotea, kwamba mimi kaka yako nitajifunza, nitaimaliza mashine ya tano, na kijisanduku chao nitakileta mwenyewe kabla ya Pasaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, kisha akanijibu, naye yupo hapa, nikikosea anisahihishe: "Huwezi, baba. Tutaung'ata kwa meno kama zamani."