Doa la Malkia

Dada aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa ameikunjua picha yake mapajani. Ilikuwa ya yule mwimbaji mkongwe tunayemwita Malkia, imechapwa kwa mkono, rangi moja moja kupitia wavu. "Zimetoka hamsini tu, kisha mchapaji akauchana wavu," alimwambia mzee wa pembeni yake, ambaye hakuwa amemuuliza.

Mzee akaguna. "Picha hiyo niliipiga mimi, jukwaani. Nimepanda mimi, huyo mchapaji wako kavuna."

"Acha kijicho, baba. Yako ilitoka gazetini, nyumbani tukafungia sabuni."

Nilikohoa ili nisicheke.

"Haya, na hilo doa shavuni?" mzee aliuliza.

"Ndio uzuri wenyewe! Kalitia rangi ya dhahabu."

"Malkia hana doa, mwanangu. Hilo ni vumbi. Siku ile nilisahau kufuta lenzi. Huyo bwana kaniibia mpaka uchafu!"

Dada akamgeukia mzee. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri: naye alikuwa amejichora doa kwa wanja, shavu lile lile, mahali pale pale.

"Kwenye maonyesho ya picha hizi tulijichora wote," alisema taratibu. "Hata Malkia mwenyewe alikuja nalo."

Basi likasimama, dada akaviringisha picha yake na kushuka. Tulipoanza kuondoka, mzee alitoa kichwa dirishani, mishipa imemsimama shingoni.

"Dada! Waambie hilo vumbi ni langu!"