Ganda Lililokataa Kutoka

Bamama, badada, na ninyi wababa wawili mlioketi karibu na mlango: kiongozi wa kikundi chetu cha sala ameniomba nishuhudie kwa upole. Nilimwambia nitajaribu. Sasa nimesimama hapa, naziona nyuso zenu, na upole naona umebaki nyumbani. Nitasema kwa sauti niliyo nayo. Mungu ananijua.

Ushuhuda wangu ni wa mayai ya kuchemsha. Chekeni. Wengine huponywa kansa, mimi nimeokolewa kwenye sufuria.

Mnajua tulivyofika hapa kambini Nakivale, sitarudia. Kule Kivu nilimaliza sekondari. Hapa nilianza na mtoto mgongoni, beseni, chumvi na pilipili ya kusaga. Baba wa mtoto alisema anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anatafuta. Nikapata nafasi ya kuuza pembeni ya steji ya boda, vijana wa pikipiki wanaposubiri abiria, pale barabara inapoingia sokoni. Nafasi ile ndiyo uji wa binti yangu. Sina shamba, sina ndugu wa kunitumia kitu. Nikiikosa nafasi ile, mtoto halali ameshiba. Shikeni hilo, ndugu zangu, ndipo mtaelewa hasira yangu.

Mimi nilikuwa na fahari moja: mayai yangu yalikuwa ya asubuhi hiyohiyo. Nilizunguka kwa wafuga kuku alfajiri nikayachukua bado yana joto la kuku. Nikayaweka kwenye maji baridi, makaa machache chini, yapate moto polepole, kwa sababu makaa hayaokotwi njiani. Yakishaiva nayaacha mlemle ndani ya maji yake yapoe. Nani kati yenu anamwaga maji safi hapa? Tunapanga jerikeni kwenye bomba mpaka watoto wanasinzia juu yake. Nilijiona mama mwenye akili: mayai mabichi kabisa, makaa kidogo, maji hayapotei.

Na ganda halikutoka! Mteja anamenya, ganda linang'oka na nyama ya yai, yai linabaki na mashimo kama ukuta uliopigwa mawe. Vijana wa boda walinifanya wimbo.

"Nyabo, mama yangu, mimi nimelipa yai mzima, nusu imebaki kwa ganda!"

"Huyu anauza mashimo. Yai ni nyongeza."

Hayo niliyavumilia, boda ni boda. Lililonichoma ni jingine. Mama mmoja, simtaji jina, ni mwenzetu katika kusali, alisimama mbele ya beseni langu na yai lililochanika mkononi, akaliinua watu waone.

"Munaona? Ganda inakatala kutoka, sababu kifaranga kilishaanza mu ndani! Huyu anakamata mayai chini ya kuku yenye kulalia, anakuya kutulisha."

Kufika jioni soko lote lilikuwa linajua. Watu wakawa wanapasua mayai yangu na kuchungulia ndani kama wanatafuta nyoka. Kisha hawakuja hata kuchungulia. Wakubwa wa soko wakanifuata.

"Mama mutoto, siku ya soko tutaangalia hii maneno. Kama ni kweli, hiyo fasi yako ya kuuzia utaiacha."

Nikajibu kabla sijafikiri: "Leteni mayai yenu wenyewe! Nitayachemsha mbele ya macho yenu!"

Nilirudi nyumbani na beseni lililojaa. Nilijua sina kifaranga ndani ya mayai. Lakini nilijua pia kwamba ganda halitatoka, na hao hawakutaka maelezo, walitaka ganda litoke.

Ndipo nikakumbuka mjini Mbarara. Kuna Hajati mmoja ng'ambo ya mto, upande wa Nyamitanga, ana hoteli ndogo ya chai, niliwahi kumwoshea vyombo. Mayai yake yalikuwa meupe, laini, hayana hata kovu. Nikapanda gari na mtoto wangu, nikamkuta anamenya huku anagombana na mtu kwenye simu, hata haangalii vidole vyake. Ganda linatoka vipande viwili, basi.

Nikamuuliza, "Hajati, haya mayai ni ya lini?"

Akakata simu. "Wewe! Nani amekutuma? Mayai yangu ni mazima! Imekaa kwa trei wiki moja tu, hakuna hata moja imeoza!"

"Sijasema yameoza, Hajati."

"Sasa umri wa yai unauliza ya nini? Unataka kuipeleka shule?"

Wiki moja! Mwenzangu anaona aibu kwa umri wa mayai yake, na yanamenyeka. Mimi najivunia ya leo, na yananiua. Nikakaa pale nikaangalia kila kitu. Maji yake yalikuwa yanatokota kwa nguvu kabla yai halijaingia, akateremsha mayai kwa kijiko. Yalipoiva akayatia kwenye maji baridi ya bomba. Maji yale yalipopata uvuguvugu akayamwaga, akatia mengine. Maji safi, bamama, yamemwagwa chini! Lakini nikaelewa.

Nyumbani sikuamini macho yangu tu. Shuleni walitufundisha: badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo. Jirani yangu alinipa jerikeni yake ya maji, hakuuliza ya nini. Mayai ya siku hiyo, kwa njia yangu ya zamani: ganda likashika. Mayai ya siku hiyo, kwenye maji yanayotokota, kisha maji baridi: yakamenyeka, mengine na kovu dogo. Mayai niliyokuwa nayo tangu watu waache kununua, kwa njia ya Hajati: ganda lilianguka kama limechoka kunikalia. Ndiyo, bamama. Masengenyo yenu ndiyo yaliyoyalaza mayai yangu mpaka yakawa mazuri.

Siku ya soko ikafika. Nilikuwa nimeomba Mungu waniletee mayai ya siku nyingi. Yule mama akaja na ya kwake kwenye kitenge, bado yana joto. "Ya leo asubuhi," akasema, "usitudanganye." Hayo ndiyo magumu kumenya kuliko yote.

Nikaomba sufuria mbili. Nikayagawa mayai yake watu wakiona. Sufuria moja nikachemsha kama zamani, maji baridi kwanza, yakapoa mlemle. Ya pili nikasubiri itokote, nikateremsha kwa kijiko, kisha beseni la maji baridi. Nikampa yeye mwenyewe amenye.

La kwanza, la zamani, likachanika vibaya. Watu wakaguna. Yeye akatabasamu. "Si nilibaambia?"

"Pasua," nikamwambia. Akapasua. Kiini safi, njano, hakuna kitu.

Nikampa la pili. Akaligonga, akavuta, kipande cha kwanza kikashika. Mtoto mgongoni akaacha kulia kama naye anaangalia. Kisha ukucha ukaingia chini ya ule utando, na ganda likatoka, refu, lote pamoja. Yai likabaki na kovu dogo tu.

"Mama," nikasema, "yote ni ya kuku wako. Kuku huyohuyo analalia kwenye sufuria hii, kwenye ile halalii?"

Kijana wa boda akapiga kelele, "Basi kuku yako ndiyo mchawi!" Soko likacheka. Nafasi yangu ikabaki yangu.

Namshukuru Hajati, ambaye mpaka leo anaamini nilitumwa kumpeleleza. Namshukuru jirani wa jerikeni. Wale vijana wa boda pia, wamerudi, na sasa wanalalamika pilipili. Mnaotaka kujifunza: mayai yakae siku kadhaa mahali pa baridi, maji yatokote kwanza, kisha maji baridi bila huruma. Msiyamwage maji ya kupozea, mimi nafulia nguo za mtoto. Na kabla hujalinyanyua yai la mwenzako mbele ya soko, muulize kwanza amelipikaje. Mdomo ungekuuma nini kuuliza?

Nimesamehe? Kiongozi, usinitazame hivyo. Niko njiani. Yule mama hajaniambia neno tangu siku ile, na simtaji jina. Lakini nimekuja na beseni, liko pale chini ya benchi, chumvi iko, pilipili iko. Yote yamechemshwa leo. Aanze yeye, na amenye mbele yetu, polepole. Nitakaa kimya nisikilize ganda likitoka.