Chuma cha Ziwani na Jina la Mbuga

Sogeeni wanangu, Algot, Emelie, nawe Verner usisimame mlangoni kama mgeni; aliyezaliwa na mdogo wangu Lovisa ni wangu. Mchungaji amekwishanipa mkate na divai, hivyo maneno yanayobaki ni yenu.

Baba yangu alipokufa, ufuo na haki ya ziwa vilinijia mimi, na ile mbuga ya majani iliyo juu, yenye kijito cha maji ya kutu, ikamwendea Lovisa. Hatukugombana sisi, waligombana waume zetu. Amandus, baba yako Verner, alitaka kuikausha mbuga apande shayiri, akachimba mtaro kukigeuza kijito kiende upande wa pili wa kilima. Petrus wangu, Mungu amrehemu, akamfuata na kofia mkononi, kwa adabu zote.

"Mwanyumba, kijito hicho ndicho kinacholilisha ziwa. Tukishakokota mawe yote ya chuma yaliyo chini ya ziwa, maji haya ya kutu ndiyo yanayoyaotesha tena."

Amandus akacheka mpaka akaegemea sepeto. "Chuma kinaota? Basi nipe mbegu, mwanyumba, nikipande na viazi!"

Kijito kikageuzwa. Tangu siku hiyo mimi na Lovisa tuliketi kanisani tumepeana mgongo, watoto wa tumbo moja, na watu wakatuangalia kuliko walivyomwangalia mchungaji. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Majirani waliotuchochea hawakugusa jembe; walishika makapu tayari, wavune ugomvi wetu.

Kisha ukaja ule mwaka wa jua, ambao hapa Småland hata leo hautajwi mezani. Mbuga iliyokaushwa ikapasuka kama kisigino. Shayiri haikutoka, nyasi hazikutoka, ng'ombe wa Lovisa akachinjwa angali na mimba, na watu wakasaga magome ya msonobari wakayaita unga. Baridi iliposhika, kilichobaki ni ziwa tu: kutoboa barafu, kuteremsha reki yenye mpini mrefu, na kukokota yale mawe ya kahawia yenye chuma tuyapeleke kwenye tanuri la chuma, tupate nafaka ya rai ya kula. Tuliyaita kwa maumbo yake, haya lulu, haya njegere, haya keki.

Asubuhi moja nikamwona Lovisa anakuja juu ya barafu peke yake, reki ya kuazima begani, miguu imefungwa matambara. Petrus akanyoosha kidole kuelekea kilimani.

"Shemeji, chuma chenu kiko kwenye mtaro wenu. Nendeni mkakokote huko."

Lovisa akampita. Alinitazama mimi. "Dada, Verner hainuki tena kitandani."

Wanangu, nilikwenda mbio juu ya barafu. Nilimwondoa mume wangu kwenye tundu letu, lile la lulu, nikamwambia Lovisa, "Weka hapa. Vuta taratibu, usizimwage." Petrus alinuna mpaka adhuhuri, halafu akaenda kumbeba Verner, akamlaza pale ulipo, Algot, kando ya jiko, wewe naye mkala bakuli moja.

Majira ya kuchipua Amandus alipanda kilimani na sepeto lake, akaufukia mtaro wake mwenyewe. Kijito kikarudi. Homa ikamchukua Amandus kabla ya kiangazi kwisha, na Lovisa akamfuata baada ya miaka michache, lakini kwanza alicheka mara moja. Bwana mmoja msomi wa tanurini alikuja kupima mawe yetu, akasema vitabuni yanaitwa limoniti, neno lililotoka kwa Wayunani, maana yake mbuga ya majani. Lovisa akajipiga paja: "Umesikia dada? Hata Wayunani wanajua ni ya kwangu!"

Algot, najua unasema mtoto wa Amandus hana haki ya ziwa. Najua pia tanuri linakaribia kuzimwa na kuna bwana anautaka ufuo. Sikiliza. Ufuo wangu na mbuga Verner aliyoachiwa na mama yake visitenganishwe tena. Vitakuwa vyenu watatu, sawa kwa sawa, na asiuze mmoja pasipo wawili. Kijito kisiguswe. Emelie, ufunguo wa kabati la hati uko kwako. Mnizike... popote penye nafasi, ardhi ikiwa imeganda msubiri, mimi sina haraka.

Mungu awape mkate usio na magome, na barafu inayobeba, na... maji. Nipeni maji kidogo.

Siwaoni tena vizuri. Wekeni mikono hapa, juu ya blanketi. Huu mdogo ni wa Emelie. Huu wenye kovu ni wa Verner. Na wako, Algot? Algot... mama anasubiri.

Ndiyo. Huo. Usiutoe.